Pigo Lisilohesabiwa

Mchezaji wa gofu, kabla ya kupiga mpira wake wa kwanza, hutenda jambo ambalo mgeni wa mchezo ule hulistaajabia. Husimama kando ya mpira, hushika fimbo kwa mikono miwili, huiinua mpaka nyuma ya bega, kisha huishusha kwa nguvu na kupiga hewa tupu. Mpira haukuguswa. Wenzake hawamcheki, wala mwenye kuandika hesabu haandiki kitu. Hurudia mara ya pili, na pengine mara ya tatu. Ndipo husogea hatua moja mbele, akaurudia mwendo ule ule kwa mikono ile ile na fimbo ile ile. Na mara hii mpira huruka, na pigo huhesabiwa. Yale ya kwanza yalikwenda wapi? Nguvu zilitumika, wakati ulipita, fimbo ilikata upepo. Lakini katika hesabu hayamo, kana kwamba hayakutendwa kamwe.

Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi, si kwa kuwa mimi ni hodari wa gofu, maana sivyo, bali kwa kuwa naliona kuwa ni mfano wa swali kubwa kuliko mchezo wenyewe. Je, binadamu aweza kutenda tendo lisilohesabiwa? Kama aweza, ni nani ampaye ruhusa hiyo? Na tendo hilo likikosewa, ni nani alipaye? Vijana wa chuo, ambao karibu maisha yao yote ya sasa ni matayarisho ya maisha mengine yatakayokuja, wana haja ya kulitafakari swali hili kuliko watu wengine. Nami nalitafakari pamoja nao kwa sababu nilipata kulijibu vibaya.

Tuanze na sheria za mchezo wenyewe. Kanuni za gofu za kale kabisa zijulikanazo ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na mji wa Edinburgh, nazo zilikuwa 13 tu. Siku hizi kanuni ni nyingi, na hutungwa na mabaraza mawili, yaani R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani. Katika kanuni hizo pigo ni mwendo wa fimbo kwenda mbele unaofanywa kwa kusudi la kuupiga mpira. Neno lenye uzito hapa ni kusudi. Asiyekusudia kuupiga mpira hajapiga, hata kama fimbo yake imevuma kama kimbunga. Na aliyekusudia kuupiga akaukosa, amepiga, na pigo lake litahesabiwa ingawa mpira haukutikisika. Kwa hiyo watu wawili waweza kupiga hewa mbele ya macho yetu, mmoja akahesabiwa na mwenziwe asihesabiwe. Nasi tuliosimama kando hatuna jicho la kuona tofauti yao. Tofauti imo moyoni.

Mchezo uliojengwa juu ya kusudi hauna budi kumwamini mchezaji, maana hapana mwamuzi awezaye kuingia kifuani mwa mtu na kutazama. Katika mashindano makuu ya Marekani ya mwaka 1925, yaliyochezwa Worcester, Bobby Jones alisema kwamba mpira wake ulisogea kidogo majanini alipokuwa akijitayarisha kuupiga. Hapana mwingine aliyeuona ukisogea. Jones akajiongezea pigo moja la adhabu. Mwisho wa mashindano alikuwa sawa na Willie Macfarlane, na waliporudiana Macfarlane akashinda. Pigo lile moja lililomkosesha Jones ushindi aliliandika mwenyewe. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutalihitaji mbele: mwenye kutenda ndiye karani wa kwanza wa matendo yake.

Sasa yako mapigo mengi zaidi yasiyohesabiwa, nayo ni yale ya asubuhi, kabla ya mchezo. Mchezaji mwenye busara hafiki uwanjani dakika ya mwisho, akatoa fimbo na kupiga. Hufika mapema. Hunyosha mgongo, huzungusha mabega na kiuno, hutembea ili damu ienee katika misuli iliyolala usiku kucha. Kisha huenda mahali pa mazoezi akapiga mapigo mafupi ya polepole kwanza, na baadaye marefu ya nguvu. Na mwisho huenda penye majani mafupi akausukuma mpira taratibu kuelekea shimo, ili mkono ukumbuke upole baada ya kukumbuka nguvu. Walimu wa mchezo huo huwaonya wanafunzi wao wasijaribu kujifunza jambo jipya katika saa ile. Saa ya kupasha mwili moto ni ya mtu kujuana na mkono wake wa siku hiyo, maana mkono wa leo si lazima uwe kama wa jana. Ni kama mpiga ngoma aiwambaye ngoma yake motoni: haongezi ngozi wala mti, bali huiita sauti iliyokuwamo tayari.

Lakini hata ruhusa hii ina mpaka. Katika mashindano ambayo mtu hupambana na mtu mmoja mmoja, kanuni huwaruhusu kufanya mazoezi katika uwanja wenyewe siku ile kabla ya kuanza. Katika mashindano ambayo mapigo ya kila mtu hujumlishwa na kulinganishwa na ya watu wote, mchezaji hukatazwa kufanya hivyo siku ile, isipokuwa kuusukuma mpira au kuupiga kwa ufupi karibu na mahali pa kuanzia, au katika sehemu iliyotengwa kwa mazoezi. Naona hekima yake ni hii: zoezi ni halali, lakini zoezi laweza kugeuka kuwa kumtangulia mwenzako kwa siri. Apigaye mpira asubuhi katika uwanja wenyewe hujifunza namna umande ulivyoyalemea majani na namna mpira unavyokwenda juu yake; na elimu hiyo ni sehemu ya mchezo. Aliyeipata kabla ya wenzake wote ameanza kucheza wakati wao wangali nyumbani. Kanuni, basi, inatufundisha ya kwamba neno zoezi halitoshi peke yake kulitakasa tendo. Yapasa kuuliza zoezi hilo linafanywa wapi, na linamgusa nani.

Hapa naomba msomaji anifuate mbali na viwanja vya gofu. Nataka kumpeleka Chiwanda, katika Wilaya ya Nyasa, nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kugawanywa, kusini mwa Mbamba Bay, karibu na mpaka wa Msumbiji. Huko hapana gofu. Kuna milima nyuma na ziwa mbele, na jua huzama majini kuelekea Malawi. Watu hula ugali wa muhogo kwa usipa na mbasa, na mtoto huujua mtumbwi karibu pamoja na kujua kutembea. Nilikwenda huko kwa mawazo, nikitoka katika kanuni za gofu, kwa sababu ni huko nilikopata habari zangu za kwanza juu ya maana ya zoezi. Na habari hizo zilikuwa kinyume kabisa na kanuni nilizokwisha kuzieleza.

Mjomba wangu alitufundisha kupiga kafi katika mtumbwi wa gogo. Alifunga kamba nyuma ya mtumbwi, akakaa ufukoni akitengeneza wavu wake, na ncha ya kamba ameikanyaga kwa mguu. Sisi tulizunguka majini ndani ya urefu wa kamba ile. Tulijifunza kuugeuza mtumbwi, kuukabili wimbi kwa pua wala si kwa ubavu, na kukaa chini wakati moyo unapotaka kusimama. Tulikosea mara nyingi. Tulipinduka, tukanywa maji, tukacheka. Hapana aliyetuhesabia makosa yale. Mguu wa Mjomba ulikuwa juu ya kamba.

Siku moja Mjomba hakuwapo. Nilikuwa na umri wa miaka kama 12, na mdogo wangu alikuwa mdogo sana kwangu. Nikamchukua majini bila kamba, nikamwambia kwamba leo ndipo tutakapojizoeza kweli. Tulipofika mbali kidogo nikaanza kuutikisa mtumbwi kusudi, kumjaribu kama amekomaa. Upepo wa kusini, uitwao mwera, ulikuwa umekwisha kuanza, nami sikuujali. Mtumbwi ukapinduka. Mimi niliukamata, yeye hakuukamata. Watu waliokuwa wakianika dagaa walimwona, wakaingia majini wakamtoa, na kitambo kirefu kilipita kabla hajatapika maji na kulia. Sikupata kusikia kilio kitamu kama kile.

Jioni Mjomba aliniita. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema kabla hajauliza, "Mjomba, tulikuwa tunafanya zoezi tu." Hakunipiga, ingawa nilitaka anipige. Alikaa kimya, kisha akauliza swali moja, "Mwanangu, na ziwa mlilipa habari?"

Swali lile limekaa nami tangu siku hiyo. Mchezo wa gofu unasema kusudi ndilo lihesabiwalo. Asiyekusudia kupiga hajapiga. Ziwa linasema mimi sijui makusudi, aliyeanguka ameanguka. Ziwa Nyasa, ambalo kina chake katika sehemu zenye kina kirefu hukaribia mita 700, halimwulizi azamaye kama alikuja kwa kazi au kwa majaribio. Ni ipi basi iliyo kweli? Twahesabiwa kwa nia zetu, au twahesabiwa kwa yale yanayotokea?

Wengi hujibu upesi kwamba mbele ya Mungu twahesabiwa kwa nia, na mbele ya dunia twahesabiwa kwa matokeo. Jibu hili ni zuri, lakini halitusaidii asubuhi tunapoamka na kutaka kujua la kutenda. Mimi nimeona kwamba jibu lililo karibu zaidi limo katika gofu yenyewe, mahali ambapo mchezo ule na ziwa vinakutana.

Katika mashindano ya Masters ya mwaka 2019, Zach Johnson alisimama mahali pa kuanzia shimo la 13. Alikuwa akipiga hewa kwa mazoezi kama nilivyoeleza, na kwa bahati mbaya fimbo yake ikaugusa mpira uliokuwa juu ya kijiti chake, ukaruka pembeni. Ilikuwa aibu, lakini hakupata adhabu. Aliurudisha mpira juu ya kijiti, akaanza upya. Sababu yake ni kwamba mpira uliowekwa mahali pa kuanzia, kabla haujapigwa, bado haujaingia mchezoni. Lakini lau jambo lile lile lingalitokea baada ya pigo la kwanza, mpira ukiwa umelala katikati ya uwanja, fimbo ya mazoezi ikaugusa ukasogea, angalihesabiwa pigo moja la adhabu, na angalilazimika kuurudisha mpira mahali pake. Tazama, msomaji: kusudi ni lile lile, na kosa ni lile lile. Lililobadilika ni hali ya mpira. Mpira ulio nje ya mchezo husamehe. Mpira ulio mchezoni hausamehe, hata kama mchezaji hakukusudia.

Kwa hiyo swali la haki si hili tu: "Je, nilikuwa najizoeza?" Liko la pili: "Je, mpira ulikuwa umekwisha kuingia mchezoni?" Nilipokuwa ndani ya urefu wa kamba ya Mjomba, mpira haukuwa mchezoni. Nilipomchukua mdogo wangu nje ya kamba, ulikuwamo. Na mpira wenyewe ulikuwa uhai wa mtoto. Mimi nilikuwa katika zoezi. Yeye hakuwa katika zoezi. Watu wawili walikuwa katika mtumbwi mmoja, mmoja anajaribu na mwingine anaishi.

Naona hilo ndilo kosa kubwa la wanaojitayarisha. Hudhani kwamba maadamu mchezo wao haujaanza, hapana mchezo wowote ulioanza. Mwambao ule ule wa Nyasa una ushuhuda wa jambo hili katika historia. Kaskazini ya Mbamba Bay kuna Liuli, ambayo wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu huko ili itengenezwe. Nahodha wake, Berndt, alifahamiana vizuri na Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen. Siku moja Gwendolen ikatokea, ikaanza kupiga mizinga. Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa; alimwendea rafiki yake kwa hasira kutaka kujua wazimu gani umemshika, naye akafanywa mateka. Meli yake ilikuwa ikitayarishwa kwa safari za amani, na kumbe amani yenyewe ilikuwa imekwisha siku kadhaa nyuma. Si kila kengele ya kuanza hupigwa karibu na masikio yetu.

Nimesema nilipata kulijibu swali hili vibaya, na sasa yanipasa kueleza, kwa maana si haki kusimulia makosa ya utoto tu na kuficha ya utu uzima. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo nilipelekwa katika shule moja ya kijiji cha mwambao kwa mazoezi ya kufundisha. Wasomaji wengi wa kurasa hizi wamepita njia hiyo au wataipita. Nilikwenda na moyo wa mtu apigaye hewa. Nilijiambia kwamba kazi yangu ya kweli itaanza nikihitimu, na kwamba darasa lile ni mahali pa kupasha misuli moto. Siku ambazo msimamizi alitazamiwa nilitayarisha somo vizuri, na siku nyingine nilikwenda na chaki tu.

Katika siku mojawapo ya chaki tu, msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, maji ya ziwa letu yanakwenda wapi?" Sikujua. Ningaliweza kusema sijui, na neno hilo lingalinipunguzia nini? Lakini nilijibu kwa sauti ya mtu ajuaye kwamba yanatoka kwa Mto Ruvuma na kwenda baharini. Akainama akaandika. Usiku nilifungua kitabu nikakuta kwamba Ruvuma haianzii ziwani. Chimbuko lake ni katika milima ya upande wa Songea. Maji ya Ziwa Nyasa hutokea kusini kwa Mto Shire, yakaingia Zambezi, na kwa njia hiyo yakafika Bahari ya Hindi. Kesho yake nilikusudia kusahihisha. Lakini siku hiyo msimamizi alikuja, nami nilikuwa na ramani za kuonyesha na maswali niliyokwisha kuyapanga, na kusahihisha mbele yake kungalikuwa kukiri. Keshokutwa ilikuwa siku ya mwisho, kukawa na kuagana na kupiga picha. Nikaondoka.

Mimi nilipata alama nzuri. Yule msichana, mtoto wa ufuko wa ziwa, alibaki na daftari lililomwambia uongo juu ya maji ayatekayo kila asubuhi. Kwangu ulikuwa mwaka wa majaribio. Kwake ulikuwa mwaka mmoja wa masomo katika miaka michache aliyokuwa nayo, na haungerudi. Mpira wake ulikuwa mchezoni zamani. Na tofauti na Bobby Jones, mimi niliuona mpira ukisogea, wala sikuliandika pigo.

Najua kuna hoja itakayotolewa dhidi yangu, nayo ina nguvu. Mtu ataniambia, "Kama hakuna ruhusa ya kukosea juu ya wengine, nani atakuwa mwalimu? Daktari hana budi kumkata mgonjwa wake wa kwanza. Hakimu hana budi kuamua shauri lake la kwanza. Mama humlea mtoto wa kwanza bila ya kuwa amepata kulea. Wataka wote hawa wangoje mpaka wawe mabingwa? Bingwa hupatikana wapi, kama si katika makosa?" Hoja hii siwezi kuipinga, wala sitaki. Kazi nyingi za watu hazina mahali palipotengwa kwa mazoezi. Uwanja ni ule ule wa mashindano, na mtu hujifunza mpira ukiwa mchezoni. Anayengoja kutayarika kabisa hatendi kamwe, na huyo naye ana deni, maana wagonjwa hufa na watoto hukua bila mwalimu wakati yeye angali akinyosha mabega.

Lakini hoja hiyo inahalalisha kukosea tu. Haihalalishi dharau. Kuna umbali mkubwa baina ya mtu asemaye, "Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo yanipasa kuangalia zaidi," na yule asemaye, "Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo haidhuru." Wa kwanza hutafuta kamba na mguu wa kuikanyaga: humwomba aliyemtangulia asimame karibu, huuliza anapoona shaka, na akikosa hurudi kusahihisha hata ikiwa ni kwa aibu. Wa pili hutumia jina la zoezi kama mwizi atumiavyo giza. Wa kwanza akikosea, kosa lake ni la mikono. Wa pili, hata akipatia, amekwisha kukosa moyoni, kwa kuwa aliwafanya watu kuwa hewa ya kupigia fimbo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mapigo yasiyohesabiwa hayakugawiwa sawa katika dunia hii. Mmoja ana ndoo ya mipira ya kupiga asubuhi nzima, na mwalimu wa kumwelekeza. Mwingine hana hata uwanja. Mtoto mmoja hufanya mtihani wa majaribio mara nyingi kabla ya ule wa kweli; mwingine, mtihani wa kweli ndio wa kwanza kuuona. Tunapowahesabu wote kwa pigo moja lile lile na kumsifu aliyeshinda, tunahesabu nusu ya habari. Aliyepewa nafasi ya kukosea bila kudhurika amepewa zawadi kubwa, na wengi waliipewa kwa gharama ya watu ambao hawakupata kamwe nafasi kama ile. Zawadi ya namna hiyo ni amana, na amana haichezewi.

Nikomee katika jambo la furaha, maana nisingependa msomaji adhani kwamba nalichukia zoezi. Huko huko mwambao wa Nyasa iko ngoma iitwayo mganda. Wanaume hujipanga mistari, wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Ngoma kubwa hulia, na malipenga yaliyotengenezwa kwa vibuyu huimba. Viongozi wao huitwa kwa vyeo vya jeshi. Wanawake nao wana kioda chao. Wanahistoria, akiwamo Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, wameeleza namna ngoma za jamii hii zilivyotwaa mwendo wa gwaride na muziki wa majeshi ya wakati wa ukoloni. Sasa, gwaride ni nini? Ni zoezi. Askari hupiga hatua kushoto na kulia ili siku moja akaue kwa utaratibu. Watu wa Nyasa waliliona zoezi lile, wakalitwaa, wakayaacha yale ambayo lilikuwa likiyatayarisha. Walichukua mstari, hatua, nidhamu, na unadhifu, waliacha bunduki. Zoezi likawa ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo ni uzuri.

Na wao kwao hujizoeza mganda kwa siku nyingi kabla ya kukutana na kikundi cha kijiji kingine. Nilipokuwa mtoto nilitazama mazoezi hayo jioni, wakati hapakuwa na mgeni hata mmoja wa kuyaona. Hatua zilipigwa barabara, kama kwamba wageni wamekwisha kuketi. Kijana mmoja alilegea, na kiongozi akasimamisha ngoma. Hakumwambia kwamba siku ya wageni ataaibika. Alimwonyesha jirani yake katika mstari, akasema, "Huyu unamkanyaga leo." Nadhani maneno yale na swali la Mjomba ni mafundisho mamoja. Hakuna leo iliyo ya majaribio kwa mtu aliye karibu nawe.

Basi na tupashe misuli moto. Na tuamke mapema, tupige mapigo mengi ya upole kabla ya pigo la nguvu, tukosee mahali palipotengwa kwa makosa, na tuwatengee wengine mahali hapo pia. Lakini kabla ya kuinua fimbo na tutazame chini, tuone kama kuna mpira, na kama mpira huo ni wa nani. Mimi bado sijui yule msichana alifika wapi. Kama kurasa hizi zitamfikia, naomba ajue kwamba maji ya ziwa letu huenda kusini, hutokea Shire, huingia Zambezi, na ndipo huiona bahari. Pigo lile lilihesabiwa, nami naliandika hapa kwa mkono wangu.